Mwana-mbuzi akihara, tazama anapolala

Wafugaji wengi wa Kisangani wamewahi kuzika mwana-mbuzi aliyekufa kwa kuhara baada ya kunyweshwa dawa ya minyoo. Habari ni ileile Mangobo, Kabondo, Tshopo, na hata Lubunga ng'ambo ya mto. Mbuzi jike amezaa mapacha. Wanaruka vizuri mwezi mzima, halafu mmoja anaanza kubaki nyuma ya mama yake, mkia umelowa, manyoya yamesimama. Mwenye mbuzi anapanda toleka mpaka sokoni, ananunua albendazoli na kumnywesha. Kesho yake anarudia. Siku ya tatu mwana-mbuzi hainuki, na pacha mwenzake naye ameanza.

Dawa haikuwa mbovu. Ilipewa ugonjwa usio wake. Mwana-mbuzi wa umri huo akihara, jambo la kwanza la kushuku ni koksidiosi, na koksidiosi si minyoo. Huletwa na vimelea vya chembe moja, jamii ya Eimeria, visivyoonekana bila darubini. Vinaingia ndani ya utando wa utumbo, vinazaana humo, na vikitoka vinaupasua. Albendazoli, levamisoli, ivamektini: hakuna hata moja inayoviua. Flagyl nayo, ambayo kila nyumba inaijua kwa sababu ya amiba, haiviui. Mama mmoja wa Lubunga aliniuliza, "Docta, sasa nimupe Flagyl nusu ao nzima?" Nikamjibu, "Mama, hata ukimpa pakiti yote, vijidudu hivi havitajua kama umevipa kitu."

Ili uupige ugonjwa huu ni lazima ujue unavyozunguka. Karibu mbuzi wote wazima wanabeba koksidia kidogo tumboni. Hawaumwi, kwa kuwa kinga yao imekwisha kuzizoea, lakini kila siku wanaangusha vijiyai pamoja na mavi. Kijiyai kikitoka tu hakiambukizi bado. Kinahitaji hewa, joto na unyevu ili kikomae, na katika joto letu kazi hiyo inachukua siku 2 au 3 hivi. Kikishakomaa kina vimelea 8 ndani, vinasubiri kumezwa. Mwana-mbuzi anavimeza bila shida: ananyonya chuchu iliyolaliwa kwenye uchafu, analamba ukuta, anakunywa kwenye kopo ambamo mkubwa ameingiza mguu. Baada ya wiki 2 au 3 yeye mwenyewe anaangusha vijiyai kwa maelfu, na wenzake wa rika lake wanavichukua.

Tayari hapo una mambo mawili ya kukusaidia. La kwanza: mwana-mbuzi wa wiki moja anayehara hana koksidiosi, maana mzunguko haujapata muda wa kufika huko. Tafuta bakteria, maziwa yasiyomfaa, au kimelea kingine kiitwacho kriptosporidia, ambacho kinaweza kukuingia wewe na watoto wako. Nawa mikono kwa sabuni. Umri wa koksidiosi ni kuanzia wiki 3 hivi mpaka miezi 5 au 6, na ubaya wake mkubwa uko wakati wa kuachishwa ziwa. La pili: mavi yanayofagiwa kila siku na kukauka yanaondoka kabla hayajawa na hatari. Mavi yanayolala siku tatu kwenye tope ni jambo jingine.

Tope ndilo tatizo letu. Mfugaji wa Dodoma au wa Turkana ana jua linalomfanyia nusu ya kazi: kijiyai kinakaukia mchangani na kufa. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua yake kwa mwaka inapita milimita 1,600, na joto halisogei mbali na nyuzi 25. Hatuna kiangazi cha kweli. Desemba hadi Februari mvua inapungua, lakini haikatiki. Anayengoja jua likaushe banda atangoja mpaka wana-mbuzi waishe. Kwa hiyo ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya nchi kavu ukifika kwetu unapungukiwa: wenzetu wanaanza na dawa, sisi tunapaswa kuanza na sakafu.

Angalia mbuzi wako wanavyoishi. Mchana wanazurura avenyu nzima, wanakula maganda ya ndizi, majani ya kando ya barabara, hata karatasi. Huko hawaambukizani sana, kwa sababu wametawanyika. Usiku ndipo wanapoumizana. Tunawasukuma wote katika chumba kimoja nyuma ya jiko, wakubwa na wadogo, sakafu ni udongo, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku wanakojoa, wananya na kulalia humo. Mwenye nyumba anafagia Jumamosi. Ukitaka kujua kama banda lako ni zuri, usiangalie mabati yake. Piga goti asubuhi, weka kiganja chini mahali mwana-mbuzi alipolala, usubiri kidogo. Kiganja kikitoka na unyevu, ugonjwa una makazi.

Dalili zenyewe si ngumu, ila zinadanganya. Watu wanasubiri damu. Kwa ndama na kuku damu ni ya kawaida zaidi. Mbuzi mara nyingi anahara bila damu yoyote, kwanza mavi yanapoteza umbo la punje, yanakuwa uji wa kijani au kahawia, halafu maji yenye utelezi. Anajikamua bila kutoa kitu. Anaacha kula majani ingawa bado ananyonya. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili na uiachie: ikibaki imesimama, maji yamekwisha mwilini. Na wapo wanaokufa kabla hata ya kuhara, jioni mzima, asubuhi maiti. Wengine hawafi wala hawaharishi sana, wanadumaa tu. Hao ndio hasara kubwa isiyohesabiwa, kwa sababu mwenyewe anasema mbuzi wetu wa msitu ni wafupi kwa asili. Ni kweli ni wafupi, lakini mwenye miezi sita asilingane na wa miezi mitatu.

Akifa mmoja, usimtupe mtoni na usimpe mbwa. Mwite anayejua kupasua, au mpasue mwenyewe ukiwa umevaa plastiki mikononi. Nyoosha utumbo mwembamba ukautazame kwenye mwanga. Koksidiosi inaacha vidoa vyeupe au vya manjano hafifu, vingine vidogo kama kichwa cha pini, vingine vimeungana, mara nyingi vinaonekana hata kwa nje kabla hujaupasua. Ukiviona hivyo, wanaobaki wamekwisha pata jibu lao. Ukikuta badala yake nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotana zikinyonya ndani ya tumbo la nne, hiyo ni minyoo kweli, na huyo kwa kawaida alikuwa na kope nyeupe ndani na uvimbe chini ya taya, wala hakuhara sana. Hapo albendazoli ina kazi.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao usiuchanganye na huu kwa gharama yoyote: sotoka ya mbuzi na kondoo, ile PPR iliyoua mbuzi wengi nchini mwetu mwaka 2012. Nayo inaharisha vibaya. Lakini inakuja na homa kali, makamasi, macho yenye ute, vidonda mdomoni vinavyonuka, kikohozi, na haichagui umri. Wakubwa wanaanguka pamoja na wadogo. Ukiona hayo, funga mbuzi wote kwenye parseli, usiuze hata mmoja, na utoe taarifa kwa ofisi ya serikali ya kilimo, uvuvi na mifugo. Koksidiosi ni shida ya nyumba yako, PPR ni shida ya mji.

Darubini ikipatikana, itumie. Mji wenye Chuo Kikuu cha Kisangani na chuo cha kilimo cha IFA-Yangambi haukosi watu waliosomea vimelea. Chukua mavi mabichi, yatoke kwa mnyama mwenyewe na si chini, weka kwenye mfuko safi, fika nayo siku hiyohiyo. Kipimo chenyewe ni rahisi: mavi yanakorogwa katika maji ya chumvi nyingi, vijiyai vinaelea juu, vinahesabiwa. Jihadhari tu na jibu la karatasi peke yake. Mwana-mbuzi mzima wa afya anaweza kuonyesha vijiyai maelfu kwa gramu moja, na anayekufa anaweza kuonyesha vichache kwa kuwa bado ni mapema. Karatasi isomwe pamoja na mkia wa mnyama.

Sasa matibabu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kipimo kibaya kinaua pia.

Kwanza maji kabla ya dawa. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mwana-mbuzi wa kilo 5 apate mililita 100 hivi mara nne au tano kwa siku, katikati ya kunyonya, si kuchanganywa na maziwa. Mwache aendelee kunyonya. Aliyelala ubavu na hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Dawa inayopatikana kwa urahisi zaidi ni amproliamu, ule unga wa kuku. Tazama pakiti: lazima iandikwe 20%. Kama namba ni nyingine, hesabu ninayotoa hapa haikufai, muulize daktari. Pakiti ya gramu 20 ikorogwe katika mililita 200 za maji safi. Mpime mwana-mbuzi: simama naye kwenye mizani ya watu, kisha simama peke yako, toa. Kwa kila kilo mpe mililita 2 na nusu, mara moja kwa siku, siku 5. Wa kilo 5 atapata mililita 12 na nusu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, upande wa shavu, polepole. Usiiweke kwenye ndoo ya maji kama tunavyofanya kwa kuku, maana mgonjwa hanywi na anayenyonya hana haja ya ndoo.

Usipitishe siku hizo 5, na usizidishe kwa huruma. Amproliamu inafanya kazi kwa kuzinyima koksidia vitamini B1, na ikizidi inamnyima mbuzi pia. Utamwona anatazama juu, anasukuma kichwa ukutani, haoni njia. Hapo dawa isimame na daktari ampige sindano ya vitamini B1 upesi.

Ya pili ni sulfadimidini. Iliyo ya asilimia 33, mwana-mbuzi wa kilo 5 hupewa mililita 2 siku ya kwanza, halafu mililita 1 kila siku kwa siku 3 au 4. Salfa inahitaji mwili wenye maji, la sivyo inaganda kwenye figo. Ndiyo sababu nimetanguliza sukari na chumvi. Sindano yake apige anayejua. Ya tatu, toltrazurili, ni nzuri kuliko zote na ni ya mara moja: miligramu 20 kwa kilo, yaani mililita 2 za dawa ya 5% kwa wa kilo 5. Kile kichupa cha kuku cha 2.5% ni kikali kwa koo, usimmiminie hivyo hivyo. Toltrazurili inakaa mwilini muda mrefu. Ulaya mwana-kondoo aliyepewa hachinjwi kabla ya siku 42. Kwa dawa nyingine fuata siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na usikubali sikukuu ikuharakishe.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutibu mgonjwa mmoja. Anayehara leo alimeza vijiyai wiki mbili au tatu zilizopita, na waliolala naye walimeza pamoja naye. Watibu wote wa rika lake siku moja, wanaohara na wasiohara. Wahamishe pia. Kumpa dawa na kumrudisha kwenye udongo ule ule ni kumtibu ili aanze upya.

Kuhusu majani ya kienyeji: najua kongobololo inawasaidia watu wengi tumboni, na sitagombana na bibi wa mtu. Ila usiiache ikucheleweshe. Dawa zote za koksidiosi, za pakiti na za shamba, ni za kutolewa mapema. Utando wa utumbo ukishachanika hakuna chupa inayoushona.

Turudi kwenye sakafu. Njia inayofaa kwetu ni banda la kuinuliwa juu ya nguzo, mita 1 kutoka ardhini au chini kidogo, lenye sakafu ya fito au mbao zenye nafasi ili mavi na mkojo vidondoke. Nafasi ndiyo siri. Ikiwa ndogo mavi yanabaki juu, ikiwa kubwa mguu wa mwana-mbuzi unanaswa na kuvunjika. Sentimita 1 na nusu inatosha punje za mbuzi wetu. Kama huna rula: kidole chako kidogo kipite, kidole gumba kikwame. Mianzi iliyopasuliwa inafaa na ni ya bei ndogo, ila inateleza na kuoza haraka. Mabaki ya mbao ngumu kwa wapasuaji mbao yanadumu zaidi. Paa litokeze nje vya kutosha, maana mvua yetu inakuja na upepo. Zungushia chini ya banda ili wana-mbuzi wasiende kucheza huko, kwani huko ndiko hatari yote ilikoshukia. Kila mbuzi mkubwa apate mita mraba 1. Wadogo wawe na kona yao yenye mlango mdogo ambao wakubwa hawapiti.

Chakula kisiguse chini. Funga sombe, yaani majani ya muhogo, au majani ya ndizi kwa kamba na uyaning'inize, au tengeneza hori nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu. Majani ya muhogo yaachwe yanyauke kwanza, kwa sababu ya sumu yake. Ndoo ya maji iinuliwe kufikia kifua cha mbuzi mkubwa na kuwekewa kijukwaa kwa wadogo. Mavi yaliyo chini ya banda yakusanywe kila wiki na kurundikwa. Rundo linalochemka ndani linaua vijiyai, na mama wa bustani ya lengalenga atalichukua kwa furaha.

Na kama huna uwezo wa kuinua banda mwaka huu? Basi pandisha udongo juu zaidi ya ua, uushindilie, mfereji kuzunguka, fagia kila asubuhi bila kuruka hata Jumapili, mwaga majivu makavu. Usipoteze pesa kwa maji ya Javel, hayaviui vijiyai. Maji yanayochemka yanaviua, na ukavu unaviua. Mbao zinazoweza kutolewa zimwagiwe maji ya moto kisha zianikwe siku ya jua.

Mengine ni mafupi. Mwana-mbuzi anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa chache za kuzaliwa. Akikosa hayo utapambana na kila ugonjwa. Usimwachishe ziwa, kumhamisha na kumuuza rafiki yake katika wiki moja. Mgeni aliyenunuliwa njia ya Ituri au ya Buta akae peke yake wiki 3. Ukiwa na uwezo wa kumfunga beberu, mpandishe Julai na Agosti: mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, watazaliwa Desemba na Januari, mvua ikiwa imepungua. Kwa wenye mbuzi wa kuzurura najua hilo ni ndoto, beberu wa avenyu hana kalenda. Na kama kila mwaka unapoteza wana-mbuzi wa umri ule ule, zungumza na daktari wako kuhusu kuwapa dawa wote wakifika wiki 3 au 4, kabla hawajahara.

Usijaribu kumaliza koksidia zote. Mwana-mbuzi anayezimeza kidogo kidogo anajenga kinga, na hilo unalitaka. Koksidia za mbuzi haziendi kwa kuku wako, wala za kuku haziji kwake. Kila mnyama ana zake.

Kama leo una mwana-mbuzi anayehara, tafuta amproliamu jioni hii na uwatibu wote wa rika lake. Kama hakuna anayeumwa na pesa ya mwezi inatosha kitu kimoja tu, nunua mbao.